Nyumba Yenye Kisima cha Chumvi

Mtaa wa Kuze,
Mji wa Kale,
Mombasa.

24 Julai, 1966

Mpendwa Dada Mwanakuu,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Nakuandikia nikiwa dirishani juu, penye upepo, na kofia niliyokuwa nikiishona nimeiweka kando. Ukiona barua hii ni ndefu, ujue kuna bwana hapa mjini atakayesali Ijumaa na kofia kuukuu kwa ajili yako. Hujambo dada yangu? Watoto hawajambo? Shemeji Sheikhan goti lake limepoa, au bado hupanda ngazi akizihesabu? Mwanza kunanyesha? Sisi huku sote wazima, alhamdulillahi, hatuna la kulalamika ila baridi ya kusi. Jamaldin analala na sweta, na ukimcheka akwambia hujui hatari ya kifua.

Maulidi yalisomwa salama. Nyumba ilijaa hadi ngazini, na halwa ilikwisha kabla ya wasomaji wenyewe kufikiwa, aibu ambayo nitaibeba mpaka mwakani. Kila aliyeingia aliniuliza habari zako. Mahali pako karibu na mlango nilimkalisha mwanangu Mwanabaraka, ambaye sasa ni msichana wa miaka kumi na miwili, mrefu kunipita mabega, na ana ulimi kama wako.

Sasa nikwambie jambo lililonikalisha kitako kukuandikia. Mume wangu anataka kwenda mapumzikoni. Ndiyo, Jamaldin huyo huyo, fundi wa baiskeli, asiyefunga duka ila kwa sala na mazishi. Siku moja alirudi akasema ametengeneza baiskeli za watu miaka ishirini, na yake mwenyewe haijawahi kwenda mbali kuliko Makupa. Basi yeye na rafiki yake Karisa, yule wa bandarini, wamepatana kuwa mwezi wa Agosti watatoka kisiwani kwa siku sita, wakae shamba katika nyumba moja, na kila kukicha wapande baiskeli wazunguke vijijini, jioni warudi. Sisi wake zao, mimi na Loise wa Karisa, tutakwenda kwa basi pamoja na vyungu.

Nikamuuliza, na chakula? Akanijibu kwa kifua kipana, "Tutajipikia." Dada, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Huyu ndiye aliyepika wali mara moja tu katika ndoa yetu, nilipokuwa kitandani na mtoto mchanga, na tukala ukoko siku mbili. Kujipikia kwao maana yake ni kwamba nitapika mimi.

Lakini nilikubali, tena upesi. Na wewe peke yako duniani ndiye ujuaye kwa nini.

Unakumbuka ua wa Ami Zein? Baiskeli yake alikuwa akiiegemeza kwenye ukuta wa kisima, naye amekwenda kusali alasiri. Wewe ulinishikia kiti, mimi nikapanda na kanzu yangu nimeikusanya kiunoni. Ukawa unaniambia, "Nimekushika, nimekushika," kumbe ulikwisha kuniachia zamani. Nilikwenda peke yangu kutoka kisimani mpaka penye mwasumini. Kisha nikageuka, nikakuona umesimama mbali na mikono kiunoni, nikaangukia kwenye kamba ya nguo za Bibi. Tulichapwa sote wawili, na mwaka ule ule nikawekwa ndani. Kutoka kisimani mpaka penye mwasumini, dada. Ndiyo safari yote ya baiskeli niliyowahi kwenda katika maisha yangu, na nimeolewa na fundi wa baiskeli.

Hili la pili sijapata kukwambia. Wiki ya tatu baada ya harusi nilimwomba Jamaldin anifunze. Alicheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyeambiwa kuwa kuku anataka kuogelea. Lakini kesho yake aliisimulia dukani, na jioni jirani wa dirisha la pili akanipigia ukelele akiniuliza nitaondoka lini kwenda Nairobi kwa baiskeli. Wanijua mimi. Ombi silirudii. Imepita miaka kumi na sita, sijalitaja tena hata kwa mzaha. Nikienda Kizingo kupeleka kofia huwaona mabibi wa Kizungu wakipita kwa baiskeli na sketi zao, nami hutazama kando kama mtu aliyekutana na mdai wake.

Na hapa mjini ningeendesha wapi? Ukikohoa Kuze, Kibokoni wanakuuliza umekunywa dawa gani. Kila kibaraza kina wazee wake na kila dirisha lina macho yake. Kwa hivyo niliposikia neno shamba nikajua ni sasa au kaburini. Nilitaka nyumba yenye jiko, naam, lakini zaidi nilitaka nyumba yenye kipande cha ardhi kisichotazamwa na mtu. Jinsi ya kuipata baiskeli yenyewe sikujua. Nilifikiri huenda wanaume wakilala mchana nitaiiba ya Jamaldin, kama tulivyomwibia Ami.

Nikamwambia Jamaldin kwamba mpishi ndiye mchagua nyumba. Hakubisha. Anajua desturi yangu: mimi nyumba siijui kwa paa wala kitanda, naijua kwa chai. Basi Jumapili tatu mfululizo, siku ambazo Karisa hana kazi, tulifunga stovu ndogo, birika, majani na iliki kwenye baiskeli, tukaenda kuonja maji ya watu.

Jumapili ya kwanza tulikwenda Rabai, nyumbani kwa mamake Karisa, Bi Dama. Baiskeli zilipanda juu ya basi mpaka Mazeras, kisha nikakaa upande upande kwenye keria ya Jamaldin, na kila tulipofika kilima nikashuka. Naapa nilitembea zaidi ya nilivyopakiwa. Bi Dama alikuwa ametutengea nyumba nzima pembeni ya boma lake, imefagiwa mpaka unaona aibu kuikanyaga. Maji yake matamu, chai ikatoka nyekundu safi. Jamaldin akanitazama kwa matumaini.

Kisha Karisa akamweleza mamake kwamba tutakaa siku sita na tutajipikia wenyewe. Yule mama alimtazama mwanawe kana kwamba amemtukana mbele za watu.

"Wageni wangu wawashe moto wao, na majirani waone moshi?" akasema. "Watasema Dama amekufa, au watasema amekuwa mchoyo? Nambie lipi, nijue."

Kabla hatujafumbua kinywa kuku alikwisha kukamatwa. Naye ni mtu mwenye adabu, kwani alimkabidhi Jamaldin kisu amchinje mwenyewe, ajuavyo desturi zetu. Tulikula tukashindwa kusimama. Lakini ungemwachia mama wa watu akupikie siku sita, na kila ukigusa mwiko anaona umemdharau? Isitoshe, boma lile lilikuwa na wajukuu mpaka juu ya miti. Njiani Karisa alikiri alidhani mamake akiona mizigo yetu atanyamaza. Nikamwambia mtu mzima hamjui mamake mzazi, hiyo kazi ya bandarini anaifanyaje.

Jumapili ya pili tulivuka daraja la Nyali kuelekea Bamburi. Huko kuna nyumba ya mfanyabiashara mmoja, inatunzwa na binamu yake Karisa, jina lake Menza, ambaye hupangusa mpaka vitasa vya milango. Ina paa la vigae, vitanda vinne na vyandarua vyake, jiko la matofali lenye bomba la kutolea moshi, na maji ya mfereji. Chai ilikuwa nzuri kuliko ninayoipika nyumbani. Loise alikwenda akajilaza kitandani na viatu vyake. Jamaldin akatundika kofia yake kwenye msumari, na mwanamume akitundika kofia ujue amekwisha kuhamia.

Nami nikatoka nje kutazama. Mbele ilikuwa barabara ya Malindi, na malori hayakatiki. Nyuma, uwanja wa mpira, na vijana wasiopungua arobaini.

Nikarudi nikasema nyumba haifai, upepo wa kusi utarudisha moshi wote ndani. Ulikuwa uongo mtupu, Mungu anisamehe. Moshi ulikuwa ukipanda wima kama mnara, na Karisa aliutazama kisha akanitazama mimi. Loise hakusema na mimi mpaka Kisauni. Jamaldin alitungua kofia yake polepole.

"Mama Mwanabaraka," akanambia, "mchagua nazi hupata koroma."

Nikamjibu koroma pia huliwa. Lakini moyoni nilianza kuogopa, kwa sababu ilibaki nyumba moja tu.

Nyumba hiyo iko ng'ambo ya Mtwapa. Tulivuka kwa kile kivuko kinachovutwa kwa minyororo, wavutaji wakiimba na kutukebehi kwa birika letu. Ni nyumba ya zamani ya mawe, ya watu wa mjini ambao hawajaikanyaga tangu mwaka jana, na mtunzaji wake, Mzee Kaingu, alikuwa mkweli mno. Alituonyesha tundu kwenye paa la makuti kabla hatujaliona wenyewe. Jiko ni kibanda chenye mafiga matatu, na mbuzi ya kukunia nazi imevunjika mguu. Loise aliketi juu ya mzigo wake akafunga mikono.

Nikateleka birika motoni, nikazunguka nyuma ya jiko. Dada, nikaiona. Ni njia ya mikokoteni ya nazi, haitumiki siku hizi, ardhi imeshindiliwa ikawa ngumu, imenyooka kati ya minazi, ua wa michongoma huku na huku. Urefu wake ni kama kutoka mlangoni petu mpaka msikitini. Hapana dirisha, hapana kibaraza, hapana mtu. Mke wa Mzee Kaingu alipita na kuni kichwani, akanisalimu, hakuniuliza hata ninatazama nini. Nikaogopa kurudi jikoni wasije wakaiona furaha usoni.

Kisha tukanywa chai. Astaghfirullah! Kisima kile kina chumvi ya kutosha kukaangia samaki. Karisa aliitemea nyuma ya nguzo akidhani simwoni. Loise aliweka kikombe chini akasema yeye siku hizi hapendi vitu vya moto. Mimi nilikunywa chote, nikajimiminia cha pili.

"Maji mazuri," nikasema. "Nyumba ni hii."

Karisa na Loise walitazamana kama waliofikiwa na taarifa ya msiba. Jamaldin alikunywa chake taratibu mpaka mwisho, akanitazama, akatazama huko nyuma ya jiko nilikotoka. Kisha akasema, "Haya." Nilidhani amechoka na mimi, na haki yake kuchoka. Mzee Kaingu akasema jirani ana kisima cha maji matamu, mwendo mfupi, na wanaume wakipenda watachota kwa debe kila asubuhi kabla ya kuanza matembezi yao. Hivyo mambo yakaisha, na siku ikawekwa: tunaondoka Jumamosi, tarehe sita Agosti, inshallah.

Ningefurahi wiki ile, lakini nyumbani kukaingia mikosi. Uzi wangu mweupe wa kofia ukapotea, ule mnene ninaoagiza kwa taabu. Kwanza donge moja, kesho yake la pili. Nilipekua mpaka ndani ya mtungi. Nilimgombeza Mwanabaraka kwa kuwa hakuna mwingine wa kugombezwa, naye akatazama sakafu wala hakujitetea, jambo ambalo lingenishtua kama ningekuwa na akili. Jamaldin naye akawa kimya, anakuja kula mikono ina mafuta mpaka kwenye viwiko. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, nikajisemea, huyu ana hasira za Bamburi.

Na kioja kingine. Jumanne alasiri alinikalisha juu ya kigoda cha jikoni, kisha juu ya kiti, kisha juu ya kile kiti kirefu cha dukani alichokibeba mwenyewe mpaka ghorofani. Kila mara anatazama nyayo zangu zinafika wapi. Nikamuuliza kama ananiuza. Akasema anataka kujua kiti gani kitupwe.

Basi jana adhuhuri Mwanabaraka aliniambia baba yake ameomba nimpelekee chakula mwenyewe. Nilikwenda na sahani yangu na hasira zangu, nimejitayarisha kumwambia kwamba kama nyumba ya Mtwapa haitaki aseme. Dukani hakukuwa na mteja. Mlango ulikuwa nusu. Nyuma kulikuwa na kitu kimefunikwa gunia, naye akakielekeza kwa kidevu.

"Funua," akanambia.

Ilikuwa baiskeli ya kike, dada, ile isiyo na chuma cha kati, unapanda bila kuinua mguu. Ameiunga kwa vipande vya baiskeli labda tano, magurudumu ya huku, usukani wa kule, kisha akaipaka rangi nyeusi yote, ukadhani imetoka merikebuni. Kiti kimeshushwa, na nilipokipima kwa macho nikajua ni kimo cha kile kiti kirefu cha dukani. Kengele imefungwa kushoto, kwa kuwa mimi hutumia mkono wa kushoto. Na kwenye gurudumu la nyuma, kutoka madigadi mpaka katikati ya gurudumu, pande zote mbili, kulikuwa na wavu umefumwa kwa uzi mweupe, ili buibui langu lisimezwe na spoki. Uzi wangu wa kofia. Upande wa kulia mafundo ni yake, ni mabaya, nitayafungua niyafunge upya. Upande wa kushoto ni mishono niliyomfunza Mwanabaraka mwenyewe, nikaijua mara moja, wala haina kasoro.

Nilisimama na sahani mkononi. Yeye alikuwa akipangusa mikono yake kwa kitambaa, kidole baada ya kidole.

"Kisima kile kina chumvi, Mwanaesha," akasema. "Hata mimi niliyanywa yale maji."

Kisha, baada ya kupangusa vidole ambavyo vilikwisha kuwa safi, akasema mwaka ule alicheka, na kwamba tangu jioni ile ya jirani wa dirishani alijua amekosa, akangoja nimwombe mara ya pili anitimizie. Sikumwomba. Akaendelea kungoja. Nami nilikuwa nikingoja yeye aseme. Miaka kumi na sita tumelala kitanda kimoja, kila mtu na kiburi chake chini ya mto. Nililia, dada, na sioni haya kukwambia. Nililia juu ya samaki wake, akamla hivyo hivyo, akasema leo umezidisha chumvi.

Mwanabaraka nimemtaka radhi. Amekubali, kwa sharti kwamba nikishajua, atakuwa wa pili. Nimemwambia tutaona, lakini wewe unajua nitakavyoona.

Baiskeli itapanda juu ya basi ikiwa imeviringishwa gunia, pamoja na vyungu, na jirani akiuliza ni kitanda. Loise nimemweleza ukweli wote. Kwanza alikasirika kwa ajili ya vile vitanda vya Bamburi, kisha akaniuliza ile njia ya mikokoteni ina upana wa baiskeli mbili.

Jamaldin ananiambia atanishikia kiti mpaka nizoee, na kila atakapotaka kuniachia atanitangazia kwanza nisishtuke. Nimemkataza. Nimemwambia aseme amenishika, aendelee kusema amenishika, kisha aachie bila kunijulisha, maana hivyo ndivyo nilivyofunzwa na dada yangu. Na safari hii sitageuka nyuma.

Nami nina ombi kwako, na hili ni la mara ya kwanza kwa hivyo sina haja ya kulirudia. Jumapili tarehe saba, baada ya chai ya asubuhi, wewe ukiwa huko huko Mwanza, shika kiti chochote kilicho karibu nawe. Kishike barabara. Kisha kiachie.

Nisalimie Shemeji Sheikhan, na hilo goti lake nalo lisalimie. Wabusu watoto mmoja mmoja, na mdogo umwambie mama yake mdogo huku Mombasa anamshonea kofia, ingawa uzi wake kwa sasa uko kwenye gurudumu. Jamaldin na Mwanabaraka wanakusalimu sana, na Bi Dama wa Rabai, asiyekujua, amesema dada wa mgeni wangu ni mgeni wangu. Mola akulindeni nyote katika nyumba yenu, akupeni maji matamu na majirani wasio na madirisha.

Ni mimi nduguyo akupendaye, niliyeangukia nguo za Bibi,

Mwanaesha